Uhamisho wa Wafula

Nakuru, Alhamisi, Februari 1956. Vumbi la ziwani limeingia hata kwenye sukari.

Itangazwe kwa wakazi wote, kuanzia stesheni hadi Njoro, kwamba kipenga cha timu ya kinu cha unga, kilichotafutwa wiki nzima, kimepatikana. Kilikuwa mfukoni mwa koti la katibu wa timu.

Katibu ni mimi.

Nimecheka peke yangu, halafu hasira ikarudi. Leo winga wetu wa kushoto, Wafula, amepewa barua ya uhamisho. Jumatatu awe Eldoret, kwenye kinu kingine cha kampuni, abebe magunia ya huko na achezee timu ya huko. Nyumba ya kampuni airudishe. Mke wake ana mimba ya miezi minane.

Nasoma mambo ya mpira wa ng'ambo katika magazeti makuukuu anayofungia bidhaa mwenye duka. Uingereza klabu ni kampuni yenye wenye hisa. Ikitaka mchezaji wa wenzake, inanunua karatasi zake za usajili. Hispania ziko klabu za wanachama, na mwenyekiti wanampigia kura. Kolombia, juzi juzi tu, walichukua wachezaji wa watu bila kuzilipa klabu zao hata ndururu, lakini mchezaji mwenyewe alijaziwa mfuko.

Hata wezi wa Kolombia wanamshinda meneja wetu kwa adabu!

Sisi je? Kiingilio cha uwanjani kinachukuliwa na kampuni, naye Wafula analipwa kwa magunia anayobeba tu. Mabao ni bure. Hakununuliwa, wala hakuulizwa. Neno ni lile lile, uhamisho, ila kwetu linahamisha mtu kama kiti cha ofisi.

"Katibu," aliniambia mchana, barua mkononi, "hawa wamenishona mdomo kama gunia. Sasa mama watoto nitamwambia nini?"

Nikamlaani meneja mpaka Wafula akaanza kunituliza mimi.

Basi niandike ukweli, maana daftari halina mdomo. Jumamosi baada ya mechi, meneja wa Eldoret aliketi karibu nami. Akaniletea chai na mkate wa siagi, tena akaniita Bwana Katibu. Nikalegea. Nikamwambia yule winga akikupita unabaki na vumbi, na magunia anabeba mawili kwa mpigo. Akaandika jina nyuma ya paketi ya sigara. Herufi nilimtajia mimi, moja moja.

Na barua ya leo, karani aliyeipiga chapa ni nani? Ni huyu huyu wa kipenga.

Jioni Wafula alinishika mkono, akanishukuru kwa kumtetea.

Nikasema, "Karibu."