Kipa Aliyemkimbilia Ng'ombe

Dongobesh, Jumapili jioni

Tumefungwa fainali na Basotu, na bado sijui nimkasirikie nani.

Ilikuwa sare, zimebaki dakika chache. Ng'ombe wa zawadi, aliyefungwa nyuma ya goli letu, akakata kamba akaingia kwenye maharage ya watu. Qamara, kipa wangu, akaacha goli akamkimbilia, nami nikimpigia kelele arudi golini. Mshambuliaji wa Basotu akausindikiza mpira hadi wavuni, taratibu kabisa. Mwamuzi akasema ng'ombe hakuingia uwanjani, goli ni halali.

Timu hii zamani iliogopwa mpaka Yaeda Chini. Mimi ndiye kocha niliyeletwa kuifufua.

"Kwa nini, Qamara?"

"Mwalimu, yale maharage ndiyo kwanza yametoa maua."

Nilijua mashabiki watamzomea. Wakambeba juu juu. Hata Basotu walimshukuru kwa kuwakamatia ng'ombe wao.

Nikatoka kumwamkia mwenyekiti wa klabu, Mzee Tluway, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kufungwa tumezoea. Lakini mwalimu, ng'ombe yuko shambani kwa watu, na wewe mtu mzima umesimama unamwambia mwenzako arudi golini?"