Shingo ya Kibuyu

Jumatano, baada ya zamu

Sikupaswa kukigusa kile kibuyu.

Agata, yule mgonjwa aliyetoka kijiji cha Kigwa, mimba imemtoka tena leo asubuhi, hapa hapa wodini. Mama mkwe wake akanifuata mlangoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huko tumboni mwake kuna nini hata wajukuu zangu hawakai?"

Nami kwa kiherehere changu cha mkunga mwanafunzi nikachukua kibuyu chake, nikamwaga maji, nikakigeuza shingo chini. Nikamweleza: mji wa mimba ndio huu, mtoto hukaa humu, na shingo hii hufunga mpaka siku zake zitimie. Ya Agata inalegea mapema. Mirija na vifuko vya mayai ni vizima, nikasema, lakini hayo hakuyasikia.

Alikipokea kibuyu, akakitazama. "Basi kibovu. Kibuyu kibovu hatukirudishi nyumbani."

"Si kibovu, mama! Akipumzika, asibebe maji wala kuni..."

Alikwisha kwenda uani kumwambia mwanawe atafute mke mwingine. Na yule mwanamume, nilimwona dirishani, akaitikia kwa kichwa tu.

Sista amenisifu kwamba najua kufundisha. Kunisifu!

Jioni nilimpelekea Agata uji. Hakuugusa. Kitanda chake kiko karibu na mlango, kila neno alilisikia.

"Dada," akaniambia, "si ungesema tu hujui?"