Jina Ndani ya Gitaa la Sprusi

Rosettenville, 6 Machi 2016

Baba mpendwa,

Habari za Likasi? Mgongo unaendeleaje? Mimi huku ugenini niko mzima.

Saluni nimeacha. Sasa natengeneza magitaa, kazi uliyowafundisha kaka zangu huku mimi nikisikiliza nyuma ya ukuta. Kule Kensington, mtaa wa hapa jijini, watu walitupa piano mbovu. Ubao wake wa ndani ni sprusi, mti mweupe wa nchi za baridi. Hukua polepole, ndiyo maana mistari yake imebanana na kunyooka. Ni mwepesi lakini una nguvu. Nimeugonga kwa kidole, ukaitika muda mrefu. Nitaufanya uso wa gitaa, na ndani nitaandika jina langu.

Binti yako,
Falonne

Likasi, 2 Aprili 2016

Mwanangu,

Salamu. Mgongo unauma, na barua yako imezidisha maumivu. Mbao nyeupe ni za masanduku ya sabuni! Miaka arobaini nachonga mulombwa, mti wetu mwekundu, na jina la ndani ya magitaa ya nyumba hii ni moja: Kalenga, jina la ukoo wetu. Andika hilo, ama gitaa lako lisivuke mlango wangu.

Baba yako

Rosettenville, 19 Juni 2016

Baba,

Natumaini mgongo umepoa. Gitaa linakuja na mama Brigitte, jirani yangu anayerudi Likasi, anapanda basi Ijumaa. Uso ni sprusi. Mgongo wake ni mulombwa niliobandua kwenye meza kuukuu, usije ukasema nimekukana. Jina ndani ni Falonne, na sibadilishi. Kama gitaa hulitaki, lipasue upikie bukari, ugali wako wa jioni. Sprusi ina utomvu, inawaka haraka. Hata hiyo ni kazi yake.

Binti yako

Rosettenville, 25 Desemba 2016

Baba,

Noeli njema. U mzima? Mama Brigitte anasema gitaa ulilipokea ukalifungia chumbani. Miezi sita kimya. Eish, nyamaza tu. Mimi nimemaliza gitaa la tatu.

Binti yako yuleyule

Likasi, 8 Februari 2017

Mwanangu Falonne,

Hujambo? Mimi nazeeka tu.

Gitaa lako nililibandua uso kwa kisu cha moto, nitafute kosa. Nilitafuta wiki mbili, nikachoka, nikaligundisha tena. Jumapili kaka yako Gaël alilipiga kanisani. Watu wakachungulia tunduni mwake, wakasoma jina, wakauliza huyu Falonne ni fundi wa wapi. Nikawaambia ni wa kwangu.

Nitumie ubao wa sprusi.

Kosa nililipata moja. Jina umeliandika kwa penseli, kama mtu aliyejiandaa kufutwa. Safari ijayo liunguze kwa chuma cha moto.

Baba yako