Mpira wa Gesi Umevuka Mokowe

Hayat mwanangu,

Mtungi wa gesi usiuguse, mpira wake haupo. Samaki wa mchana mpike kwa makaa. Uji wa bibi yako usiutie sukari.

Alfajiri, nikiwa bado kwenye msala, babako aliufungua ule mpira akavuka nao Mokowe. Lile gari kuukuu la marehemu babake, lililoko huko bara, huzimika jua likiwaka, maana petroli huchemka ndani ya bomba. Fundi amemwambia aongeze mpira wa pili, ili mafuta yanayozidi yapate ndia ya kurudi tangini. Alimwambia anunue. Babako akaona wangu unatosha.

Nilipompigia simu alicheka: “Bi Saadiya, kwani jiko lina safari?”

Anua nguo kabla ya mvua. Paka kashakula, asikudanganye.

Babako akiuliza, mwambie ni kweli, jiko halina safari. Mwenye safari ni mpishi. Niko kwetu Chundwa. Nitarudi ~~Ijumaa~~ mpira ukirudi, na aulete yeye mwenyewe, aukabidhi mbele ya kaka zangu.

Mamako