Majina ya Waume wa Sejwani

Sejwani, 9 Juni

Mwanangu Sunaina,

Hujambo wewe na huyo aliye tumboni? Sisi wazima, ila baba yako anakohoa na nyati wetu wa kufugwa amekauka maziwa. Mimi nimejaa hasira, ndiyo maana mwandiko umekwenda upande.

Barabara wametunyima. Wanasema lami ni ya vijiji vyenye watu mia tano, na sisi hatufiki. Hatufiki vipi? Kumbe yule karani wa sensa alikuja wakati wa kuvuna ngano, wanaume wako shamba. Kila mlango aliuliza, "Mume wako anaitwa nani?" Mke gani hapa atamtaja mumewe kwa jina? Tukavuta ushungi usoni, tukanyamaza. Yeye akaandika nyumba tupu, akaenda zake. Nami nilinyamaza.

Lakini wewe uje. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, na nimeshanunua sukari guru ya kukufinyangia ladu, vile vitamutamu vya mzazi.

Mama yako


Damoh, 2 Julai

Mama mpendwa,

Naigusa miguu yako na ya baba kwa heshima. Kikohozi kimepoa? Mimi sijambo, miguu tu imevimba.

Barua yako nimeisoma nikaitupa chini. Watoto wanalia ndani, na mtu anaandika hamna mtu? Nanyi mnamtazama tu kupitia ushungi! Kisimani mnawasema hao waume mchana kutwa, jina ndilo linalowashinda. Mama mkwe anacheka, eti nimeolewa kutoka hewani. Nendeni ofisini mkawataje.

Mimi Agosti nakuja. Mume wangu atanifikisha njia panda, mnipokee hapo.

Binti yako, Sunaina


Sejwani, 20 Julai

Mwanangu,

U mzima? Baba yako amepona, mvua haijakatika.

Tulikwenda, wanawake peke yetu, matopeni hadi basi linaposimama. Mbele ya bwana mkubwa wa sensa nikafunua uso nikasema, "Mume wangu ni Dhaniram." Masikio yaliniwaka moto. Jirani yetu Kusuma akamtaja wake, kisha wengine, ofisi ikawa kama soko. Unajua yule bwana alijibu nini? "Hesabu imekwisha, mama. Ngojeni ijayo, baada ya miaka kumi. Au zaeni upesi upesi." Makarani wakacheka. Nikamwambia, "Binti yangu anakuja kuzaa, atapita wapi?" Akaagiza chai. Yake.

Baba yako kasikia kwamba nimemtaja. Tangu jana naye ananiita kwa jina langu.

Sunaina, usije. Mila moja nimeshaivunja, nitavunja na ya pili. Zalia huko, karibu na hospitali.

Mama yako


Damoh, 3 Oktoba

Mama,

Naigusa miguu yako. Mwili unapona. Maziwa yamekauka jana.

Barua yako ya Julai nimeikuta hapa niliporudi. Ilikaa kwa muuza chai wa njia panda, ikingoja mto ushuke, kama sisi tulivyongoja kwenye kile kitanda cha kamba walichonibebea kwenda hospitali. Hukuniambia kwamba uliniandikia nisije. Mwezi mzima ulinikanda mgongo, ukanilisha ladu, hukuniambia.

Sikulaumu. Ninamlaumu yule aliyeagiza chai. Mwanangu alilia mara moja tu, akafia pale kando ya mto, nami nataka yule bwana akisikie kilio kile kila akinyanyua kikombe.

Sunaina


Sejwani, 28 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Umelala? Umekula? Mimi nilidhani barua umeipata ukaamua kuja, nikafurahi kwa ujinga wangu.

Habari za kifo cha mtoto zimefika ofisini, na leo wameleta karani wa kuhesabu upya. Ameuliza jina la mume, nikamtajia. Ameuliza waliomo. Nikasema mimi, mume wangu, na mjukuu mmoja, wa kiume. "Jina?" Nikamwambia hakuifikia siku ya kupewa jina. Akashusha kalamu. "Wafu hatuwaandiki, mama."

Nikamwambia tulio hai hamkutuandika, na huyu ndiye aliyewaleta, basi ataandikwa. Nimekaa mlangoni, karani yuko ndani. Kusuma na wenzake wameketi uani, nyuso wazi. Nakuandikia huku namtazama. Hatoki mpaka aandike.

Mama yako, Bhuri