Kitenge cha Mama Elinami

Jumanne, 8 Julai
Chai ya rangi, kiporo cha wali, kisha kwa miguu kutoka Pasua hadi karakana ya Njoro. Siku ya pili ya field, mafunzo ya vitendo ya chuo, na tayari nimechoka kushangaa. Henrik, kiongozi wetu, Mdenishi mwenye mvi kichwa kizima, nimemwamkia shikamoo. Kajibu, "Poa!" Mzee mzima! Priya, mwanafunzi kutoka India, anamwita kwa jina tupu kama walicheza mdako pamoja.

Tunabuni mashine ya kukatakata migomba, chakula cha ng'ombe wa Machame. Ikikubalika huko, mimi ndiye nitakayebaki na mradi mpaka nimalize chuo. Naitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona.

Alhamisi, 10 Julai
Maajabu. Henrik kabandika mchoro wake ukutani, katuambia tuuponde. Mbele yake! Priya kasimama, kasema mdomo wa mashine ni mbaya kabisa. Nikasubiri afukuzwe. Henrik kamshukuru.

Zamu yangu. Tatizo nililiona mapema: mhimili unaozungusha visu uko nje, hauna kifuniko. Mama wa Machame haendi zizini bila kitenge kiunoni. Ncha ikinaswa pale, basi tena. Nikasema kwa adabu: mchoro ni mzuri sana, hongera, labda siku moja tungefikiria na mavazi ya akina mama. Henrik katabasamu. Nimesema, na heshima ya mzee iko palepale.

Jumanne, 15 Julai
Mashine imekamilika. Mhimili bado uko wazi. Nimemwambia Henrik imependeza, ila sijui kama hakuna kilichobaki. Kanipiga begani, "Asante!" Nadhani kifuniko watakifunga kesho hukohuko Machame, kabla ya kuijaribu. Nadhani.

Jumatano, 16 Julai
 

Hawakufunga kitu. Mama Elinami, mwenye ng'ombe wa kujaribia, alivaa kitenge kipya kwa ajili yetu wageni. Niliingoja ile injini iwashwe mdomo nimeufunga. Mgomba wa kwanza ukaingia, tukapiga makofi. Akageuka kuchukua wa pili, ncha ikanaswa. Ikamvuta. Jamani, ilimvuta! Alishika kitenge, mkono ukaenda nacho. Priya kazima injini. Vidole viwili vimevunjika. Mama hakulia. Ng'ombe ndio waliolia.

Pale hospitali Henrik kauliza: kwa nini hakuna aliyesema? Nikawaka. Nilisema! Mara mbili! Kanitazama kama hanijui.
"Ulisema ni nzuri."
Priya naye kaitikia. Yarabi. Wote walisikia sifa tu. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa umekosea. Anamzunguka mpaka mkubwa ashtuke mwenyewe. Huyu hakushtuka. Namchukia. Najichukia zaidi.

Ijumaa, 18 Julai
Sijala. Mama yangu anauliza, namwambia tumbo.

Jumatatu, 28 Julai
Kifuniko kimefungwa. Nimekikagua mwenyewe, kimekaza. Sasa hata nguo ya mtoto haiingii. Kesho tunampelekea Mama Elinami mashine. Akiikubali, mradi unaendelea. Akikataa, narudi nyumbani na begi langu.

Jumanne, 29 Julai
Machame, ukungu na baridi. Mama Elinami, mkono kwenye plasta, katupokea kwa mtori wa moto, supu nzito ya ndizi. Henrik kamwonyesha kifuniko kwa furaha. Mama akakiangalia kwa mbali. Hakusogea.
"Mashine ni nzuri sana, baba. Mungu awabariki. Iwekeni tu hapo, tutaona."
Nikatafsiri neno kwa neno. Henrik na Priya wakakumbatiana.

 Ningenyamaza tu, nafasi ilikuwa yangu. Nikawaambia: amekataa. Anaiogopa. Tuiondoe.

 Henrik kaniambia nimuulize. Nikapiga magoti kando ya Mama Elinami.
"Mama, tuichukue?"

"Chukueni, mwanangu. Tangu siku ile usingizi siupati. Kuisikia tu siwezi."

Tumeipakia kwenye pikapu. Ng'ombe walikuwa hawajala. Henrik kaomba panga. Tumekata migomba kwa zamu mpaka zizi likajaa.