Sauti Yangu Inazunguka Bila Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Wameichukua pikipiki. Mkuu anasema bibi shamba hana haja tena ya kwenda kwa mkulima, mashine inampigia simu. Sauti ni yangu — ile waliyonirekodi mwaka jana, nikadhani ni majaribio tu. Nimekabidhi ufunguo na helmeti, nikarudi kwa miguu. Nimechukia kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisi kimya. Zamani benchi la nje lilijaa watu, kila mmoja na jani lake lenye wadudu. Leo kaja mtu mmoja. Kaulizia choo.
Sokoni, fundi baiskeli akanishukuru kwa ushauri wa jana kuhusu viwavi. Jana sikuongea na mtu yeyote.

Jumapili, 9 Machi
Binti yangu hapigi simu. Nikampigia mimi. Eti akinikumbuka anapiga ile namba ya kilimo, ananisikiliza nikieleza mbolea! Akacheka. Nikacheka naye, kisha nikakaa jikoni nikalia. Mtu mzima mimi.

Jumatano, 12 Machi
Jana mashine iliwaambia wote wapande. Wote! Huku juu sawa. Kule ng'ambo ya mto mvua imelowesha vumbi tu — mbegu itachipua, jua liiue. Mama Pacha yuko kule, mjane, na mbegu aliyobakiza ni hiyo tu. Ikifa, wanawe hawana mavuno. Mkuu anasema tusiwachanganye watu, tungoje ujumbe wa wiki ijayo. Kwa miguu sifiki leo.
Alipotoka kwenda kula, nikachukua simu ya ofisi, yenye namba ile ile ya mashine.
"Mama Pacha, usipande kwanza."
Hakusikiliza maneno, sauti tu; nikamsikia akimwambia mtu, "Ni ile mashine ya bibi shamba. Inarudia ya jana." Wamezoea: ukishasikiliza unabonyeza mbili, maana yake umeelewa, inakuacha.
"Dada, ni mimi mwenyewe!"
"Siku hizi inakuita mpaka dada," akasema, anacheka. Akabonyeza mbili, akakata simu.
Nimepiga tena. Naandika huku inaita.
Amepokea. Nasema, narudia, namwita. Nyuma yake nasikia majembe. Yeye anasubiri tu nimalize, abonyeze mbili.